Rangi ya Manjano kutoka Banda la Seremala: Mwongozo wa Kutia Nguo Rangi kwa Maranda ya Mfenesi

Mfenesi ukipasuliwa, kiini chake huwa cha manjano yaliyokolea. Seremala hutengeneza kitanda, kabati au mlango, na maranda yanayobaki hugawiwa wafugaji wa kuku au huchomwa jioni. Ndani ya maranda hayo mna rangi ya nguo. Watawa wa Kibudha wa Sri Lanka, Myanmar na Thailand wametia majoho yao rangi kwa kuchemsha kiini cha mti huuhuu kwa vizazi vingi, na mpaka leo baadhi ya watawa wa misituni huko Thailand wanaendelea kufanya hivyo. Sisi tunao mti, tunaye seremala na tunayo shabu dukani. Kinachotupungukia ni kujua utaratibu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujaribu nyumbani kwa kitambaa cha nusu kilo, na pia wa kikundi kinachofikiria kuuza. Ushike jambo moja tangu mwanzo: rangi ya mti haikosi kutoka kwenye mti, hukosa kukaa kwenye nguo. Wengi huchemsha maranda, wakatumbukiza kitambaa, wakafurahi, kisha wakaona rangi yote ikiondoka kwa maji ya kwanza ya kufulia, wakasema rangi za asili ni porojo. Kilichowaangusha ni maandalizi. Zaidi ya nusu ya kazi hii hufanywa kabla nguo haijagusa rangi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nusu hiyo.

Mti na jamaa zake

Mfenesi, ambao wataalamu wa mimea huuita Artocarpus heterophyllus, asili yake ni milima ya Western Ghats, kusini-magharibi mwa India. Kwetu umezoea Unguja na Pemba, Tanga, Morogoro, pwani ya Kenya na Uganda. Watu huujua kwa tunda lake na kwa utomvu unaonata vidoleni mpaka upakwe mafuta. Ni wa familia moja na mforosadi, mkuyu, mvule, na mutuba ambao gome lake Waganda hulitwanga kuwa kitambaa. Ufundi huo wa Uganda umo katika orodha ya urithi wa UNESCO.

Kinachotia rangi ndani ya kiini huitwa morini. Dutu hiyo imo pia ndani ya Maclura tinctoria, mti wa Amerika ya Kati na Kusini ambao magogo yake yalisafirishwa kwenda Ulaya kwa karne kadhaa kwa ajili ya viwanda vya nguo. Ndugu yake wa Marekani, Maclura pomifera, anatoka sehemu za Texas, Oklahoma na Arkansas. Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliutumia kutengenezea pinde, na mbao yake nayo hutoa manjano. Biashara ya magogo ya rangi ilianza kudorora baada ya kijana Mwingereza, William Henry Perkin, kugundua rangi ya kwanza ya viwandani mwaka 1856. Miti haikupoteza rangi yake. Watu ndio walioacha kuitafuta.

Angalizo moja: si kila mbao ya manjano ni mbao ya rangi. Podo, kwa mfano, ni ya manjano hafifu na inapendeza kwa samani, lakini haijulikani kwa kutia nguo rangi. Kwa hiyo usidanganywe na macho. Fanya jaribio nitakaloeleza hapa chini kabla ya kubeba gunia zima.

Kupata maranda bila kukata mti

Usikate mfenesi kwa ajili ya rangi. Mti unaozaa unalisha nyumba, na kukata miti kuna taratibu zake za vibali. Maranda ya kazi iliyokwisha kufanyika yanatosha. Nenda kwa seremala anayetumia mfenesi, mwambie mapema ni siku gani atarandia mbao hiyo, na umwombe afagie banda kabla ya kuanza. Mpelekee gunia lako safi. Ukimlipa kidogo kwa kila gunia, mara ijayo atakuwekea mwenyewe bila kukumbushwa.

Angalia mambo matatu unapochukua.

La kwanza, chukua ya kiini. Mbao ya pembeni, inayokaribia gome, ni nyeupe au ya rangi ya maziwa na haina rangi ya maana. Ya kiini ni ya manjano inaporandwa, kisha hugeuka taratibu kuwa ya dhahabu na baadaye hudhurungi kadiri inavyopigwa na mwanga na hewa. Maranda yaliyokwisha kuwa hudhurungi bado yanafaa. Mapya hutoa manjano safi zaidi.

La pili, hakikisha hayakuchanganyika na mvule. Mvule ni wa familia hiyohiyo na mbao yake mbichi huwa na umanjano, kwa hiyo ni rahisi kukosea. Vumbi lake linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuziba kifua cha baadhi ya watu. Mbao yoyote iliyotiwa dawa ya wadudu, gundi au vanishi iache pia, kwa maana dawa hizo zitaingia kwenye maji yako na kwenye nguo.

La tatu, jaribu kabla ya kununua. Chemsha kiganja kimoja cha maranda katika kikombe cha maji kwa dakika kumi. Chuja, gawa katika vikombe viwili vidogo vyeupe. Katika cha kwanza tia chembe za shabu: maji ya mfenesi yatachangamka kuwa manjano angavu. Katika cha pili tia matone ya maji ya kutu, ambayo nitaeleza baadaye jinsi ya kuyatengeneza: yatageuka kuwa rangi ya zeituni. Yasipobadilika, maranda hayo yaache kwa wafugaji wa kuku.

Maranda membamba ya randa ni bora kuliko unga wa msumeno. Unga hutoa rangi haraka, lakini hupenya kwenye kichujio na kuacha madoa kwenye nguo. Ukipata unga tu, ufunge kwenye mfuko wa kitambaa kizito. Vaa barakoa unapoushika. Anika maranda kivulini mpaka yakauke kabisa, kisha yahifadhi kwenye gunia mahali pakavu. Yakiwekwa na unyevu hushika ukungu.

Vifaa vya nusu kilo ya kitambaa

Pima kitambaa kikiwa kikavu. Vipimo vyote hufuata uzito huo, kwa hiyo mizani ya jikoni ni chombo cha lazima. Kwa gramu 500 za kitambaa andaa:

- maranda makavu ya kiini cha mfenesi, gramu 500;
- shabu, gramu 100, yaani sehemu moja ya tano ya uzito wa kitambaa;
- magadi soda, gramu 20 za kuoshea na gramu 15 za kuchanganya na shabu;
- maganda makavu ya komamanga, gramu 100;
- sabuni ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha nguo;
- sufuria la lita 20, ndoo mbili, mwiko mrefu, kitambaa cha kuchujia, glavu za mpira na barakoa.

Shabu ni lile jiwe jeupe linalouzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo, ambalo vinyozi hupaka penye mkwaruzo na watu wengine hulitumia kutuliza tope kwenye maji. Lisage liwe unga. Magadi soda hupatikana kwa wanaouza vifaa vya sabuni na batiki. Usichukue kostiki badala yake; inaunguza ngozi na haina kazi hapa.

Sufuria lisiwe lile la kupikia chakula. Likishaingia kazi hii, libaki huku. La chuma kisichoshika kutu au la enameli lisilobanduka ndilo bora. La aluminiamu linafaa kuchemshia maranda na kutia rangi, ila usilichemshie magadi, kwani magadi huila aluminiamu. Sufuria la chuma cha kawaida au lenye kutu litaifanya rangi yako iwe ya kijani iliyofifia hata kabla hujaanza.

Maji nayo ni kifaa. Maji ya mvua ndiyo bora. Visima vingi vya pwani viko kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Yanatia rangi vizuri, lakini manjano yake huwa mazito zaidi. Maji yanayoacha madoa mekundu ndoo inapokauka yana chuma, na hayo yatazima mng'ao. Ukianza na maji ya aina moja, maliza nayo, vinginevyo kitambaa cha leo hakitafanana na cha wiki ijayo.

Hatua ya kwanza: kuosha kitambaa kwelikweli

Chagua pamba halisi: amerikani, bafta, kitambaa cha mashuka. Poliesta na tetroni hazishiki rangi hii hata ukizichemsha mpaka kesho. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: pamba huwaka na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani pamoja na nta ya asili ya pamba. Vyote viwili huzuia rangi isiingie. Loweka kitambaa usiku kucha katika maji ya kawaida. Asubuhi kichemshe kwa saa moja katika maji tele yenye gramu 20 za magadi na sabuni kidogo. Kitambaa kilichoonekana safi kitatoa maji ya hudhurungi. Hiyo ndiyo ishara kwamba kazi inafanyika. Suuza mpaka maji yawe meupe. Kisha dondoshea tone moja la maji kwenye kona iliyokauka. Likizama papo hapo, endelea. Likibaki limesimama juu, rudia kuchemsha.

Hatua ya pili: kukipa kitambaa ukakasi

Sufu na hariri hushika shabu zenyewe kwa sababu zinatokana na wanyama. Pamba inatokana na mmea na hushika shabu kwa shida. Inahitaji kwanza kitu chenye ukakasi, ule unaokausha ulimi unapotafuna ganda la komamanga au gome la mti. Ukakasi huo hushika pamba, na shabu hushika ukakasi.

Chemsha gramu 100 za maganda ya komamanga kwa dakika 45 katika lita kumi za maji, chuja, kisha tia kitambaa chako kilicholoa. Kiache humo maji yakiwa ya moto usiodhuru mkono, kwa saa chache au usiku kucha, ukikigeuza mara kwa mara. Kitatoka na umanjano wa mbali, na hilo halina neno kwa kuwa ndiko tunakoelekea. Kikamue bila kukisuuza sana.

Ukikosa komamanga, majani ya chai makavu yanafaa, na vilevile unga wa gome la miwati kwa walio nyanda za juu kama Njombe. Vyote viwili huvuta rangi kuelekea hudhurungi. Gome la mikoko lina ukakasi mwingi, lakini liache. Mikoko inalinda fukwe na mazalia ya samaki, na uvunaji wake unadhibitiwa.

Hatua ya tatu: shabu

Hapa ndipo rangi inapopewa makao. Ndani ya shabu mna aluminiamu, na morini ina tabia ya kuing'ang'ania aluminiamu kiasi kwamba wakemia huitumia kuipima: vikikutana hutoa mng'ao wa kijani-manjano chini ya mwanga maalumu. Kitambaa kilichonywa shabu kina aluminiamu ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo morini inapofika hujifunga humohumo badala ya kubaki juu juu.

Yeyusha gramu 100 za shabu katika maji ya moto kwenye ndoo. Katika chombo kingine yeyusha gramu 15 za magadi. Mimina magadi ndani ya shabu kidogo kidogo huku ukikoroga. Povu litapanda kwa nguvu kisha litashuka. Ndiyo maana ndoo iwe kubwa na usiijaze. Ongeza maji ya vuguvugu mpaka kitambaa kiweze kugeuka bila kubanana. Kitie, kigeuze kwa dakika kumi, kisha kiache mpaka kesho yake. Kisuuze mara moja tu kwa maji safi.

Kitambaa kisikunjamane wala kisibaki na sehemu nje ya maji. Popote shabu isipofika rangi haitafika, na baka utakaloliona mwishoni huwa limezaliwa kwenye ndoo hii.

Maji ya shabu yaliyobaki usiyamwage. Ongeza nusu ya kipimo cha shabu na uyatumie tena kwa kitambaa kingine.

Hatua ya nne: kutoa rangi na kuitia

Funga maranda kwenye mfuko wa kitambaa na uyaloweke usiku kucha katika lita kumi za maji. Kesho yake yachemshe kwa moto wa wastani kwa saa moja na nusu. Toa maji, weka kando, ongeza maji mapya kwenye maranda yaleyale na uchemshe tena kwa saa moja. Changanya maji yote mawili na uyachuje kwenye kitambaa kizito. Utapata maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hapo wanaoanza huingiwa na wasiwasi kwa kuwa hawayaoni manjano. Manjano yako njiani. Hutokea pale maji hayo yanapokutana na shabu iliyomo kwenye kitambaa.

Usichemshe maranda kutwa nzima ukidhani unaongeza nguvu. Yakizidi moto hutoa pia ukakasi wake, na manjano huzama kuwa kaki. Watawa wanaochemsha kwa saa nyingi wanaitaka hudhurungi ya joho. Wewe ukitaka manjano, epua mapema.

Acha maji yapoe hadi vuguvugu. Tia kitambaa kilicholoa, kwa sababu kikavu hunywa rangi kwa mabaka. Pandisha moto polepole kwa nusu saa, mpaka mvuke upande na vipovu vidogo vionekane pembeni, bila kutokota kwa fujo. Kishikilie hapo kwa saa moja ukikigeuza kwa mwiko kila baada ya dakika chache. Kisha zima moto, funika, na uache kitambaa kipoe humo humo mpaka asubuhi. Ukitaka kuokoa mkaa, epua sufuria likiwa la moto na ulifunge kwa mablanketi. Joto litaendelea na kazi bila kuni.

Toa kitambaa, kikamue, kianike kivulini. Usikifue mara moja. Kipe wiki moja kikiwa kikavu, ndipo ukisuuze kwa maji ya baridi na sabuni laini. Rangi itakayotoka katika suuzo hilo ni ile ya juu juu. Ile iliyoshikana na shabu itabaki.

Jaribio la vipande vitatu

Kabla ya kuhatarisha kitambaa kizima, kata vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja. Cha kwanza kioshe tu. Cha pili kioshe, kitie ukakasi na shabu. Cha tatu kifanye sawa na cha pili. Vitumbukize vyote kwenye sufuria moja la rangi kwa muda uleule.

Vikitoka, cha kwanza kitakuwa na umanjano uliopauka usio na uhai, na ukikifua kwa sabuni kitakaribia kurudi kilivyokuwa. Cha pili kitakuwa cha manjano kamili, ya dhahabu, na sabuni haitakisumbua sana. Cha tatu kitumbukize kwa dakika chache kwenye maji yenye kutu kidogo: utaiona rangi ikigeuka mkononi mwako, kutoka manjano kwenda zeituni. Maji ya rangi yalikuwa mamoja kwa vyote. Tofauti kati ya cha kwanza na cha pili imeletwa na maandalizi, na ukishaiona kwa macho yako hutapunguza hatua tena.

Kutoka rangi moja kupata kadhaa

Zeituni na kaki hupatikana kwa chuma. Weka misumari yenye kutu kwenye chupa, tia sehemu moja ya siki na mbili za maji, usikaze kifuniko, na uache wiki moja au mbili mpaka maji yawe ya rangi ya kutu. Vijiko viwili kwenye ndoo ya maji vinatosha kuanzia. Tumbukiza kitambaa kilichokwisha kutiwa manjano, kigeuze, kitoe mara kinapofikia rangi unayoitaka, na ukisuuze vizuri. Usizidishe chuma: kikiwa kingi hula nyuzi, na nguo itachanika kabla ya wakati wake.

Manjano mepesi ya maziwa hutoka kwenye maji yaleyale yaliyokwisha kutumika. Tia kitambaa cha pili, kisha cha tatu. Kila kimoja kitakuwa chepesi kuliko kilichotangulia, na vikiwekwa pamoja hupendeza kwa seti ya vitambaa vya meza.

Kijani kinahitaji nila. Hapa utaratibu ni buluu kwanza, manjano baadaye. Pipa la nila lina magadi au chokaa, na vitu hivyo vinaweza kuharibu manjano yaliyotangulia. Chukua kitambaa kilichotiwa nila hafifu, kisuuze mpaka kiwe safi, kipitishe kwenye ukakasi na shabu, kisha kwenye mfenesi.

Mafundi wa batiki wajue kwamba nta huyeyuka kwenye maji haya ya moto, kwa hiyo michoro ya nta haitasalimika. Kufunga vifundo kwa kamba, kukunja na kubana kwa vibao, au kushona kwa uzi na kuukaza kunafanya kazi vizuri. Funga baada ya shabu na kabla ya rangi, na kaza kwelikweli.

Ukonge, miyaa, sufu na hariri

Ukonge wa vyondo hupokea rangi hii vyema, kwa kuwa wenyewe ni wa manjano ya mbali. Uchemshe na magadi kidogo uondoe utelezi, kisha fuata hatua zilezile za pamba. Chane za miyaa za kusukia mikeka ni ngumu na hunywa polepole. Ziloweke siku nzima katika shabu, na zikae kwenye rangi ya moto kwa saa mbili au zaidi. Tia rangi kabla ya kusuka, la sivyo ndani ya mapindo patabaki peupe.

Sufu na hariri hazihitaji ukakasi wala magadi. Magadi hudhuru nyuzi za wanyama. Kwa nusu kilo ya sufu chukua gramu 75 za shabu, tia sufu katika maji ya vuguvugu, pandisha moto taratibu mpaka karibu na kuchemka, na ushikilie kwa saa moja. Usikoroge kwa nguvu wala usiihamishe ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi, maana itaganda na kusinyaa. Hariri iloweke katika shabu ya vuguvugu usiku kucha bila kuichemsha. Zote mbili hutoa manjano yenye kung'aa kuliko pamba.

Rangi ikikataa

Mabaka yakitokea, chanzo ni uoshaji duni au kitambaa kilichobanana kwenye shabu. Ongeza maji na utumie chombo kikubwa.

Rangi ikiwa hafifu mno, huenda maranda yalikuwa mengi ya pembeni na machache ya kiini. Rudisha kitambaa kwenye maji mapya ya maranda. Hakihitaji shabu nyingine.

Rangi ikiwa na ukijani usioutaka, chuma kimeingia mahali fulani: kwenye maji, kwenye sufuria au kwenye ndoo uliyotumia kwa kutu. Tenga vyombo vya kutu na usivichanganye kamwe na vingine.

Rangi ikiondoka yote kwa sabuni, rudi hatua ya kwanza. Hakuna njia ya mkato hapo, na chumvi au siki ambazo watu hushauriana kumwaga mwishoni hazichukui nafasi ya shabu.

Kutunza nguo na kutunza mazingira

Manjano ya mfenesi hustahimili jua kuliko bizari ya manjano, ambayo hupauka upesi mno ikianikwa nje. Hata hivyo si rangi ya milele. Jua kali la muda mrefu huipunguza na kuivuta kuelekea hudhurungi. Fua nguo kwa maji ya baridi na sabuni laini, anika kivulini ukiwa umeigeuza nje ndani, na usitumie jiki.

Pima mwenyewe uimara wake. Chukua kipande cha rangi yako, funika nusu kwa kadi nene, kiweke dirishani penye jua kwa wiki mbili, kisha ondoa kadi. Tofauti utakayoiona kati ya nusu hizo mbili ndiyo itakayoonekana kwenye nguo ya mteja.

Maranda yaliyokwisha kuchemshwa yaweke kwenye mboji. Maji ya rangi yaliyochoka na maji ya shabu yaliyokwisha nguvu yamwage mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga, yakiwa yamechanganywa na maji mengi. Weka shabu, magadi na chupa ya kutu juu, mbali na watoto, kila kimoja kikiwa na karatasi yenye jina lake.

Ukiamua kuuza

Mteja anayenunua nguo ya rangi ya mti anastahili kuambiwa ukweli: rangi hii italainika kadiri miaka inavyopita, na nguo ifuliwe namna gani. Mwandikie hayo kwenye kikaratasi na ukishone kwenye nguo. Katika bei, hesabu mkaa, shabu, maji, usafiri wa maranda na siku zote za kazi kuanzia kuloweka mpaka kuanika. Ukiacha kuhesabu siku za maandalizi, utakuwa umeuza kitambaa na kuitoa kazi bure.

Usipokee oda kubwa ya rangi moja kabla hujaweza kurudia rangi hiyo. Uwezo huo hautokani na kipaji. Unatokana na daftari. Kwa kila sufuria andika tarehe, uzito wa kitambaa, uzito wa maranda na yalikotoka, kiasi cha shabu, aina ya maji na muda wa moto, kisha bandika kipande kidogo cha kitambaa kilichotoka siku hiyo. Kikundi chenye daftari la namna hiyo kinaweza kumwahidi mteja vitambaa thelathini vinavyofanana na kuvileta. Anza daftari hilo na kile kipande cha pili cha jaribio lako, kisha nenda kamwambie seremala akuwekee maranda ya mfenesi pembeni.